Ofisi tupu Mtwara mjini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kazi yetu ni kusimamia majengo ya watu na kuwatafutia wapangaji wa vyumba vya biashara, Mtwara zaidi na Lindi kidogo. Maswali haya hutufikia kwa simu, kwenye foleni ya benki, na wakati mwingine nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, mahali ambapo si pake lakini tumeshazoea. Majibu ni ya kwetu. Mwenye jengo lake ana haki ya kukataa, na wengi hukataa.

Mbona ghorofa za mjini chini zimejaa na juu ni tupu?

Kwa sababu chini na juu ni biashara mbili tofauti. Fremu ya chini inatafutwa na wakala wa fedha, duka la dawa, muuza spea za bodaboda, saluni, stationeri. Hao hawajawahi kukosekana Mtwara, na fremu ikiachwa wazi leo kwenye kona nzuri ya Barabara ya TANU, kesho kuna mtu anaulizia kilemba, yaani pesa ya kuingilia. Juu kulijengwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa: kampuni yenye wafanyakazi kumi hadi arobaini, inayotaka chumba cha mikutano, jenereta, maegesho na mlinzi usiku. Ukipita mjini inua macho. Madirisha ya vioo hayana pazia, na tangazo la "inapangishwa" limepigwa na jua mpaka namba ya simu haisomeki. Tumewahi kumpigia mwenye jengo kumwambia namba yake imefutika. Alisema anajua, atapaka.

Huyo mpangaji wa ghorofani alikuwa nani, na amekwenda wapi?

Alikuwa mtu wa gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na kwa miaka mingi haikumsumbua mtu. Kilichobadilisha mji ni ugunduzi wa bahari kuu kuanzia mwaka 2010, kampuni ya BG ilipopata gesi kwenye visima vya Pweza na Chewa, kisha Statoil (leo Equinor) mwaka 2012 ikapata Zafarani. Meli za kuchimba zilihitaji kituo cha nchi kavu cha kuleta mabomba, chakula, saruji, mafuta na watu, na bandari ya Mtwara ndiyo iliyokuwa karibu. Nyuma ya meli moja wanakuja wakala wa forodha, kampuni ya ulinzi, ya chakula, ya magari, ya usafi, na kila mmoja anataka ofisi. Nyumba za Shangani hapa mjini zikaanza kutajwa kwa dola. Mtu aliyekuwa na kiwanja cha urithi akakopa benki akapandisha ghorofa tatu.

Kisha mambo manne yakaja kwa mfululizo. Kampeni za uchimbaji zilimalizika, kwa sababu kutafuta gesi ni kazi ya muda, ikishapatikana meli inaondoka. Bei ya mafuta duniani, iliyokuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka 2014, ilishuka chini ya dola 30 Januari 2016, na kampuni zote zikafunga mikoba. Mtambo wa kusindika gesi kuwa kimiminika ukapangiwa Likong'o, mkoani Lindi, si Mtwara. Na bomba la kwenda Dar es Salaam, lile lililowatoa watu barabarani Januari na Mei 2013, likakamilika mwaka 2015.

Bomba ni kitu cha ajabu kwa mpangishaji. Kulijenga kunahitaji mamia ya watu, kambi, magari na vyumba vya wageni. Likishafukiwa, gesi inasafishwa Madimba na kutembea yenyewe mpaka Dar. Wanaobaki ni mafundi wachache walio na ofisi zao ndani ya uzio.

Jengo la ghorofa kwa pesa zetu za kuunga-unga huchukua miaka mitatu hadi mitano. Waliopiga msingi mwaka 2012 walipaka rangi mwaka 2016, na mpangaji waliyemjengea alikuwa amesharudisha funguo za mahali alipokuwa amepanga kwa jirani.

Kwani ni mara ya kwanza Mtwara kujengewa mgeni asiyefika?

Hapana. Mji wenyewe ulizaliwa hivyo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Nachingwea na kwingineko, wakahitaji bandari yenye kina na reli ya kuifikia. Ndiyo sababu barabara zetu ni pana kupita magari yake na majengo ya zamani yamekaa mbalimbali kana kwamba yamegombana: mpango ulikuwa wa jiji. Mradi ulifutwa mwaka 1951. Gati likafunguliwa mwaka 1954, karanga zikiwa zimeshakufa. Reli iling'olewa miaka ya 1960 mwanzoni, na leo tuna kata inaitwa Reli isiyo na reli.

Wazee wa Lindi wana uchungu wao katika habari hiyo, maana makao makuu ya Jimbo la Kusini yalikuwa kwao, yakahamia Mtwara miaka ya 1950, na maduka mengi ya pwani ya Lindi hayakuinuka tena. Kwa hiyo mtu wa Mtwara akimlalamikia mtu wa Lindi kuhusu ofisi tupu, huwa hapati huruma.

Ofisi za umma hazikuziba pengo?

Zilipunguza zaidi, na hili halisemwi sana. Kabla ya Agosti 2018 mkoa ulikuwa na mifuko mingi ya pensheni, kila mmoja na meneja wake, mapokezi yake na sakafu yake: PPF, PSPF, LAPF, GEPF, na NSSF pembeni. Minne ya kwanza ikaunganishwa kuwa PSSSF. Mpangaji anayelipa kwa wakati, tena kwa mwaka mzima, wanne wakawa mmoja. Hesabu yake haihitaji mtaalamu.

Mabenki nayo yamebadilika. Mteja wa Tandahimba haji tena mjini kuweka pesa, anaweka kwa wakala aliye jirani na stendi. Tawi linabaki kwa mikopo na wateja wakubwa, na meza zinapungua. Taasisi za serikali kwa upande wao zinajenga majengo yake zenyewe, jambo jema kwa hazina na baya kwetu sisi madalali.

Je, hili ni lile lile tunalolisikia Marekani?

Linafanana kwa sura tu. San Francisco zaidi ya asilimia 30 ya nafasi za ofisi zimekaa tupu kwa sababu watu waliokuwamo walianza kufanya kazi nyumbani tangu mwaka 2020. Ofisi za kule zilijaa kisha zikamwagika. Za kwetu nyingi hazijawahi kujaa. Dawa ya kule ni kumrudisha mfanyakazi, ya kwetu ni kumtafuta mwajiri.

Korosho je? Si ndiyo pesa ya Kusini?

Ndiyo, na hapa tukae kidogo.

Bodi ya Korosho makao yake makuu yako Mtwara. Utafiti uko Naliendele. Vyama vikuu vya ushirika, yaani MAMCU na TANECU kwa upande wetu, RUNALI na Lindi Mwambao kwa upande wa Lindi, vinakusanya mzigo kwa stakabadhi ghalani, na minada huanza Oktoba hivi na kwenda mpaka mwanzoni mwa mwaka. Uzalishaji wa nchi ulivuka tani 300,000 msimu wa 2017/18, ukaporomoka, kisha ukavuka tani 500,000 msimu wa 2024/25. Mzigo huo ukipita bandari ya Mtwara, mji unachangamka: wanunuzi, wakala wa meli, wakaguzi wa ubora, wenye maghala, wenye malori, wauza magunia.

Lakini angalia wanachotaka. Mnunuzi wa korosho anataka chumba kimoja chenye intaneti nzuri na meza mbili, kuanzia Oktoba hadi Februari, karibu na hoteli anayolala. Anayempa mkataba wa miaka mitatu anampa kitu asichokihitaji. Machi mpaka Septemba chumba kile kinalala. Pesa nyingi ya korosho inatua ghalani, barabarani na kwa mkulima, ambaye akishalipwa ananunua bati, bodaboda na ada ya shule. Ndiyo maana fremu za chini zinapumua kwa msimu na ghorofa za juu hazisikii kitu.

Na msimu wenyewe una homa zake. Novemba 2018 serikali iliingia kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya bei za mnada kukataliwa, na wanunuzi waliokuwa wamezoea kupanga vyumba hawakuwa na la kufanya mjini. Yuko mteja wetu aliyekuwa amejaza sakafu nzima kwa watu wa korosho pekee. Mwaka ule alibaki na mlinzi.

Tunachowashauri wenye majengo ni kukata sakafu kwa patisheni nyepesi, kuweka intaneti na usafi ndani ya kodi, na kupangisha chumba kwa mwezi. Wanaona ni biashara ya gesti. Nasi tunawaambia gesti za Mtwara msimu wa korosho hazina chumba.

Kama vyumba ni vitupu, mbona kodi haishuki?

Swali hili tunaulizwa na wapangaji kila wiki, kwa sauti ya kukasirika.

Kwanza, wengi walijenga kwa pesa taslimu za biashara nyingine, hivyo jengo tupu haliwadai kila mwezi. Kodi ya majengo inakatwa kidogo kidogo kupitia LUKU tangu 2021, na mita isiyonunuliwa umeme inalimbikiza deni bila mtu kuona mpaka siku mpangaji mpya anapoweka umeme wa kwanza na nusu ya pesa inamezwa. (Uliza hilo mapema.)

Pili, aliyekopa benki ana woga wa aina nyingine. Thamani ya jengo lake ilikadiriwa kwa kodi za mwaka 2013. Akisaini mkataba wa chini, ameandika kwa mkono wake kwamba jengo halina thamani ile. Afadhali limedoda, kuliko kukiri.

Tatu, heshima. Mzee mmoja alituambia, "Mimi nilimkataa Mzungu wa dola elfu, leo nimpe mwanangu kwa laki tatu?" Tukamjibu, mzee, yule Mzungu hayupo, mwanao yupo. Hakucheka.

Ukijadiliana na mwenye jengo wa hivyo, usipigane na bei iliyoandikwa. Omba miezi miwili bila kodi, au akutengenezee patisheni na feni, au kodi ya miezi mitatu badala ya mwaka. Bei kwenye karatasi inabaki na heshima yake, wewe unapata nafuu yako. Na akitaja dola, mkumbushe kwa adabu kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja na kulipa bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Nikipanga ofisi, makato ya TRA yanakuwaje?

Chukua mfano wa kodi ya shilingi 500,000 kwa mwezi. Mpangaji mfanyabiashara anazuia asilimia 10, yaani 50,000, anaipeleka TRA kwa jina la mwenye jengo na kumpa hati ya zuio. Mwenye jengo anapokea 450,000. Kama amesajiliwa kwenye VAT, anaongeza asilimia 18, ambayo ni 90,000 juu ya 500,000, na zuio linabaki kuhesabiwa kwenye ile 500,000 tu. Kuna pia ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwenye mkataba: kwa mwaka wa shilingi 6,000,000 ni 60,000.

Ugomvi mwingi tunaosuluhisha unatoka hapa. Mwenye jengo anasema "nataka laki tano mkononi," mpangaji anasikia "laki tano jumla." Andikeni kwenye mkataba nani anabeba zuio kabla ya kupeana mikono.

Inawezekana kugeuza ofisi kuwa kitu kingine?

Inawezekana, na pengine ndiyo njia yenye uhai zaidi, ila maji ndiyo hakimu. Ofisi imejengwa na choo kimoja mwisho wa korido. Hosteli ya wanafunzi, zahanati au vyumba vya kulala vinataka bomba na mfereji kila baada ya hatua chache, na kupasua zege la sakafu ya tatu kupitisha mabomba kunaweza kula pesa ya kujenga nyumba mpya Mangamba. Jambo la kwanza tunalofanya ni kuhesabu nguzo za mabomba zilizopo na kupima presha ya maji ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya mji, saa kumi na mbili asubuhi, wakati kila mtu anaoga.

Zilizofaa mpaka sasa ni zile zisizohitaji maji mengi: vyuo vya kozi fupi, maabara za kupima damu, vyumba vya kudurusu, ofisi za mawakili watatu wanaogawana mapokezi, studio za picha, mafundi wa simu. Chuo ni mpangaji mzuri, lakini jirani wa chini atalalamika kelele za ngazi.

Kabla ya kugusa ukuta, nenda Manispaa ya Mtwara Mikindani ukaombe kubadili matumizi, maana hati yako inataja matumizi, na kiwanja cha "biashara" si ruhusa ya kila kitu. Zimamoto nao watataka njia ya pili ya kutokea. Majengo mengi ya 2013 yana ngazi moja.

Kitu kingine: upepo wa chumvi. Jengo la Shangani likikaa miaka mitano bila mtu, nondo za varanda zinatoa kutu, mashine za viyoyozi zinaoza kwa nje, popo wanaingia darini na mbao za dari zinashuka. Bei ya kugeuza leo si bei ya kugeuza mwakani.

Bandari imepanuliwa, makaa ya mawe yanapita. Hayo hayaleti ofisi?

Yanaleta, kwa kijiko. Gati jipya la mita 300 limeruhusu meli kubwa zaidi, na makaa ya Ngaka mkoani Ruvuma yalianza kupitia Mtwara kwa wingi mwaka 2022. Waliofaidika kwanza ni wenye viwanja vya kulaza malori, gereji, mama lishe na wauza matairi. Shehena nzima ya meli inasimamiwa na ofisi ya watu sita. Mpango wa kuhamishia mizigo michafu Kisiwa-Mgao utapunguza vumbi mjini, jambo tunaloliombea, lakini utawapeleka na hao sita huko huko.

Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichofunguliwa mwaka 2015, kina uwezo wa tani milioni tatu kwa mwaka, nacho ofisi zake ziko kiwandani. Kongani ya viwanda vya korosho ya Maranje itakuwa vivyo hivyo. Kiwanda kinataka banda, umeme na barabara.

Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, ikijengwa tutabadilisha ukurasa huu siku hiyo hiyo. Imeahidiwa muda mrefu.

Barabara ya Dar inaathiri vipi?

Sana, kuliko watu wanavyodhani. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mafuriko yalikata barabara maeneo ya Somanga, na kwa siku kadhaa Kusini ilikuwa kisiwa. Wakati ule tulikuwa na kampuni ya usambazaji iliyokaribia kusaini sakafu nzima. Ikaamua kuweka ghala dogo hapa na ofisi kuibakiza Dar. Hatukuwalaumu.

Ninunue kiwanja Lindi sasa, kabla mradi wa gesi haujaanza?

Hili ndilo swali la pesa nyingi, na majibu yetu huwaudhi madalali wenzetu.

Eneo la Likong'o lina zaidi ya hekta 2,000 na fidia ililipwa. Juni 2022 serikali ilitia saini makubaliano ya awali na Equinor na Shell. Gesi iliyogunduliwa nchini inakadiriwa futi za ujazo trilioni 57, na nyingi iko bahari kuu. Yote hayo ni kweli. Lakini linalofungua ofisi ni uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, siku ambayo kampuni zinakubali kutoa mabilioni yao ya dola, na uamuzi huo bado. Hata ukifanyika, ujenzi wa mtambo kama ule ni wa miaka, na wafanyakazi wengi wataishi kambini.

Kwa hiyo tunatofautisha ardhi na jengo. Kiwanja kilichopimwa, chenye hati, Lindi mjini au njia ya Mingoyo, kinaweza kukaa. Hakili wala hakioti kutu. Lakini kujenga ghorofa tano za ofisi kwa kusubiri tangazo ni kurudia mwaka 2012 kwa macho yaliyo wazi. Mwenye pesa ya kusubiri anunue ardhi. Asiye nayo ajenge fremu nne na choo kizuri. Na kiwanja cha bei chee karibu na Likong'o, kisicho na hati, chenye "mjumbe anajua", kiogope.

Ukitaka Lindi yenye kishindo cha sasa hivi, tazama Kilwa Masoko, kwenye mradi wa bandari ya uvuvi. Samaki wanaleta barafu, nyavu, malori na wakala. Ofisi ndogo zitafuata, kwa kiasi.

Mimi si raia. Naweza kununua jengo?

Ardhi kwa asiye raia ni kwa ajili ya uwekezaji tu, kupitia mamlaka ya uwekezaji, ambayo tangu 2025 inaitwa TISEZA. Kupanga hakuna shida. Anayekushauri uandike jina la rafiki Mtanzania hakutakii mema.

Nina kiwanja mjini kati. Nijenge nini?

Fremu chini, zenye stoo nyuma, na sakafu moja juu isiyohitaji lifti, yenye mabomba kila chumba hata kama leo ni ofisi. Ngazi mbili. Tangi kubwa la maji. Maegesho ya bajaji, si ya Land Cruiser pekee. Ukiwa na mpangaji aliyesaini na kulipa, ongeza sakafu. Msingi uuandae kwa ghorofa, zege la juu lisubiri.

Nikija kuona chumba nilete nini?

Kitambulisho, na tochi. Sakafu za juu nyingi LUKU imekwisha. Viatu vya kufunika vidole pia, kwa sababu ya vioo na kinyesi cha popo. Njoo alasiri jua likishageuka upande wa magharibi, usije ukadhani chumba ni cha baridi. Funguo zipo kwa mlinzi, ila yeye huenda kula saa saba.